Kuinua gari si kubadilisha springi tu

Kinachonikera katika baadhi ya gereji hapa Tanga ni fundi anayepokea kazi ya kuinua gari, yaani kuliongezea kimo kutoka ardhini, ili lipande milima ya Amani wakati wa masika, akafunga springi ndefu na shokapu mpya, kisha akatangaza kwamba kazi imekwisha. Haijaisha. Bolti za bushi, ile mipira ya kwenye maungio ya springi, hukazwa mwisho gari likiwa limesimama chini kwa uzito wake. Zikikazwa likiwa bado juu ya jeki, mpira wa bushi hubaki umejipinda muda wote na huchanika mapema.

Na hizo bolti zenyewe! Kutu ya chumvi ya bahari imezigandisha, vichwa vimelika pembe, na fundi, badala ya kupaka mafuta ya kulegeza na kusubiri, anakimbilia nyundo na moto, huku mpira wa breki, ule unaopitisha mafuta ya breki hadi gurudumuni, ukining'inia sentimita chache tu kutoka kwenye mwali. Mpira huo nao, gari likishainuliwa, unaweza kuwa mfupi, ukavutika hadi kukatika ekseli inaposhuka shimoni. Kwa nini haukaguliwi kabla mteja hajakabidhiwa ufunguo? Taa za mbele nazo huachwa zikiwamulika machoni madereva wanaokuja, na alaimenti, yaani kuweka sawa mwelekeo wa magurudumu, haitajwi kabisa.