Ua la utepe hushonwa, halibandikwi

Ligeuze ua la satini lililolegea, utazame kitako chake. Mara nyingi utakuta donge la gundi, gumu kama kokoto, na petali mbili tatu zimeshaanza kubanduka. Gundi ya moto imewasahaulisha wengi sindano, na kazi inaharibikia hapo. Satini inateleza, kwa hiyo gundi hushika uso wake tu. Ua likiachwa ndani ya gari lililofungwa juani, gundi hulainika na petali zikaachia. Uzi haujui joto hilo.

Kabla ya sindano kuna utepe wenyewe. Si kila king'aacho ni polista, yaani nyuzi za plastiki. Kata kipande cha sentimita 2, kishike kwa kibano, kiguse moto. Polista hujikunyata, huyeyuka na kuacha kidonge kigumu. Kikiwaka kama karatasi na kuacha majivu, huenda ni rayoni au pamba, na mshumaa hautakusaidia kuziba kingo zake. Kwa waridi la kukunja, tafuta utepe unaong'aa pande zote mbili. Kila mkunjo hugeuza utepe, na ule wa uso mmoja utaonyesha mgongo wake uliofifia katikati ya ua.

Kuunguza ukingo uliokatwa ni kazi ya sekunde moja, lakini ndiko satini nyingi nyeupe huishia. Usiupeleke juu ya ncha ya mwali, kwa sababu sehemu ya njano ndiyo yenye masizi. Usogeze pembeni, usawa wa ile sehemu ya bluu chini, uupitishe kwa mwendo mmoja bila kusimama. Ukizubaa, ukingo hugeuka mweusi na mgumu hata sindano ikakataa kupita. Na kama mkasi ni butu, usitegemee moto ufiche nyuzi zilizotafunwa; kata upya. Bakuli la maji liwe karibu.

Sasa waridi. Utepe wa upana wa sentimita 4 na urefu wa sentimita 70 unatosha. Kunja ncha moja kwa pembe kuelekea chini, iviringe mara tatu au nne upate kiini, kisha pitisha sindano kitakoni mara mbili. Kunja utepe kwa nyuma, mshazari, halafu kizungushe kiini juu ya mkunjo huo hadi uishe. Shona. Fanya hivyo mara saba hadi tisa, na kila mkunjo upate mshono wake. Anayengoja kushona mwishoni hushangaa kiini kikichomoka kama kidole.

Kosa linalosumbua zaidi ni kitako kukosa usawa. Kila mzunguko ukishuka milimita chache kuliko uliotangulia, kiini hupanda na ua likawa na umbo la pia ya kuchezea badala ya waridi. Mkono nao una sehemu yake: mikunjo ya ndani ibane, ya nje ilegee. Ukivuta yote kwa nguvu ileile utapata chipukizi lisilofunguka. Mwishoni, shusha ncha kitakoni, ishone, kisha ikate ukibakiza sentimita 1.

Ua la marinda ni jepesi zaidi. Piga bandi, yaani mishono ya sindano kuingia na kutoka kwa mstari, milimita 3 kutoka ukingoni kwenye utepe wa sentimita 40, kisha vuta uzi taratibu. Mishono isiyolingana huleta vibonge upande mmoja. Tumia uzi wa polista uliokunjwa mara mbili, maana uzi mmoja hukatika wakati wa kuvuta. Sindano iwe nyembamba. Matundu ya sindano nene kwenye satini hayazibiki.

Gundi ina mahali pake: kuweka duara la felti (kitambaa kinene cha nyuzi zilizoshindiliwa) la sentimita 3 nyuma ya ua. Felti ina vinyweleo, gundi huzama na kushika. Tone dogo katikati linatosha, kwani likizidi hupenya satini na kuacha doa linaloonekana mbele. Kibanio cha nywele kishone kwenye felti kwanza, ndipo uibandike kwenye ua. Vifundo vyote vitafichika katikati, na kichwa hakitakwaruzwa.