Chuma kigumu peke yake hakitoshi

Nimesoma mara mbili habari yenu kuhusu madaraja ya chuma. Pale mnaposema madaraja ya chuma yanayopitisha malori ya bandarini yatadumu tukinunua chuma chenye nguvu zaidi, sikubaliani. Nimechomelea vyuma mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, miaka mingi, na kinachochoka kwanza kwenye sitaha ya daraja, yaani sehemu ya juu magari yanapopita, ni mshono, pale vyuma vilipounganishwa kwa kuchomelewa.

Bamba la sitaha hushikiliwa kwa chini na mbavu zilizochomelewa. Kila tairi likipita, bamba hunepa kidogo kisha hurudi. Mzigo huo ni mdogo mno kuvunja chuma, lakini ukirudiwa mara mamilioni, kijidosari kilichoachwa ukingoni au mzizini (ndani kabisa) mwa mshono hugeuka ufa. Chuma ghali hakisaidii hapo, maana dosari ya mshono ni ileile. Uingereza walijifunza kwa daraja lao la Severn Bridge: lilifunguliwa 1966, na katika miaka ya 1970 nyufa zikaonekana kwenye mishono ya sitaha yake.

Kinachoniuma zaidi ni malori yanayozidisha uzito. Kwenye mshono madhara hupanda takriban kwa kipeo cha tatu, yaani ekseli ikiwa nzito mara mbili, mshono huumia kama mara nane! Kwa hiyo hata mizani ya barabarani ni sehemu ya daraja. Wahandisi wetu, nawaomba sana: mshono usipakwe rangi kabla ya kupimwa kwa mawimbi ya sauti. Ufa wa mzizini jicho haliuoni mpaka uwe umeshatoboa bamba.