Choo cha siku moja hakipimi chanjo ya kichocho

Nimesoma makala inayodai kwamba chanjo ya kichocho cha tumbo ikifika Ukerewe kazi itakuwa kupima tu choo cha watoto kabla na baada ya sindano. Hapo mwandishi wake amerahisisha mno. Prazikwanteli, dawa ya kichocho inayomezwa miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, huua minyoo iliyokomaa. Ile michanga yenye wiki tatu au nne mwilini hunusurika na kuendelea kukua. Mtoto akimeza dawa mara moja kisha akachanjwa, mayai yatakayoonekana baadaye yanaweza kuwa ya minyoo aliyokuwa nayo tangu mwanzo, na chanjo nzuri ikasingiziwa kwamba imeshindwa. Dozi irudiwe baada ya wiki sita hadi nane, ndipo choo kipimwe upya. Halafu kipimo chenyewe: kibao cha Kato-Katz, chenye tundu la kupimia kinyesi kinachowekwa kwenye slaidi ya darubini, hubeba miligramu 41.7 tu, kwa hiyo yai moja kwenye slaidi huhesabiwa mayai 24 kwa gramu, na mwenye minyoo michache huandikwa hana kabisa. Mayai hayatoki sawa kila siku, kwa hiyo zinatakiwa slaidi mbili za choo cha siku tofauti tofauti. Na selofeni, ile karatasi ang'avu inayofunika kinyesi kwenye slaidi, iloweshwe kwenye gliserini angalau saa 24. Ikiharakishwa, sampuli haing'ai na yai la kichocho cha tumbo, lile lenye mwiba ubavuni, hufichwa na uchafu. Mlio kwenye maabara za Sengerema na visiwani, watoto huleta kweli choo cha siku ya pili, au huishia cha kwanza?