Sikupinga Ndoa ya Mtu

Acheni kunitumia ile sauti ya WhatsApp inayodai nilikwenda kupinga harusi ya mpenzi wangu wa zamani huku Ufaransa. Nimeisikia. Yule binti simjui, hajawahi kuwa mpenzi wangu, na sikutoka Lyon kwenda Avignon kuzuia harusi. Nilikuwa na njaa.

Aliyeisambaza simtaji maana tunachangia kodi, ila hakuwaambia kwamba ilikuwa Januari. Julai, kwenye tamasha la maigizo, Avignon watu wanakanyagana. Januari mnabaki wewe na mistral, upepo unaoshuka na bonde la Rhône na kuingia ndani ya koti bila hodi. Mapapa wa Kanisa Katoliki walihamia pale 1309 na wakarudi Roma 1377. Nimezunguka kasri lao na meno yanagongana, nikawaelewa kwa nini waliondoka. Kisha nikalipa kiingilio kupanda lile daraja maarufu lililobakiwa na matao 4. Linaishia katikati ya mto. Unafika mwisho, unatazama maji, unarudi.

Saa tisa mchana, tumbo linadai. Huku jiko likifungwa saa nane, limefungwa mpaka jioni, na msimu huu wengine hawafungui kabisa. Ndipo nikaona kibao chenye mshale: Hôtel de Ville.

Sasa msinicheke. Kwetu kulala ni gesti. Hoteli ni pilau, ni chai na chapati mbili. Nikatafsiri: Hoteli ya Mji. Hata ile "o" imevaa kofia, nikajua ndani kuna joto.

Mlangoni watu wanaingia wamependeza. Palipojaa watu pana chakula kizuri, nikajiunga. Ukumbini viti vimepangwa safu, meza hakuna. Nikasema hapa ni pa kusubiria. Mbele amesimama bwana mwenye mshipi wa bluu, nyeupe na nyekundu begani, anasoma kitabu. Meneja huyo. Wote tuna makoti, sikuona gauni wala nini.

Kifaransa changu cha wiki sita ni salamu na namba. Bwana akasoma: 212. Nikatega sikio. 213. 214. 215. Wadau, nilikuwa na hakika anaita oda. Nikahesabu watu walionitangulia, nikatulia.

Halafu akaruka. Kutoka 215 akaenda 371!

Mimi foleni huniruki. Nikasimama. Yeye kafunga kitabu, kamgeukia dada wa safu ya mbele, kamuuliza jambo refu. Ukumbi kimya, hata mtoto aliyekuwa akikohoa kaacha. Nikanyoosha mkono juu kama niko darasa la tatu, nikasema kwa sauti ya mteja aliyeonewa:

"Et moi?"

Yaani: Na mimi je?

Dada akageuka taratibu. Koti likamteleza bega moja, halafu la pili, na chini yake nikaona nyeupe. Nikaona shela. Nikaona maua. Mkono wangu bado uko juu, nimeusahau. Na bwana harusi, Mungu anisamehe, hakuniangalia mimi. Alimwangalia mke wake mtarajiwa, na macho yake yalikuwa yanauliza maswali ambayo ningeyauliza hata mimi. Mama mmoja akashika kifua. Yule wa mshipi akaniuliza, polepole kama anayeongea na mtu aliye ukingoni mwa paa, nataka nini.

Maneno yote yamenikimbia, limebaki moja la ukweli.

"J'ai faim."

Nina njaa.

Bibi mmoja wa safu ya nyuma ndiye aliyeanza kucheka, akaambukiza wengine. Bibi harusi akasema "oui" huku anafuta machozi, sijui ya nini. (Hôtel de Ville, nimeambiwa baadaye, ni ofisi ya manispaa, ndoa hufungwa humo, na zile namba ni vifungu vya sheria wanavyosomewa maharusi. Asanteni, nimeshajua.)

Nikatoka kinyumenyume. Yule bibi akanifuata hadi kwenye ngazi, akanitia mfukoni lozi tano za sukari wanazogawa harusini. Nilizimaliza kabla treni haijaondoka.

Bwana harusi hakunipa mkono.