Vifaranga Mamilioni, Wazazi Wachache

Chaza jike wa Pasifiki aliyekomaa anaweza kumwaga mayai milioni 50 au zaidi kwa mara moja, na dume mmoja ana mbegu za kuyarutubisha yote na nyingine zikabaki. Kwa hiyo kituo cha kuzalisha vifaranga, kikiamua, kinaweza kutosheleza mashamba ya ghuba nzima kwa wazazi wanaoenea kwenye ndoo moja. Mfugaji wa ng'ombe hana uwezo huo, wala wa kuku. Ndiyo maana suala la ndugu kupandana, ambalo kila mfuga mbuzi analijua na kulihofia, kwa chaza lina uzito wa peke yake.

Mjadala wa vifaranga vya chaza vitoke wapi umedumu kwa miongo kadhaa Ufaransa, Marekani na Australia. Wapo wanaotaka vifaranga vya kituoni, kutoka koo zilizochaguliwa kwa kukua haraka na kustahimili magonjwa. Wapo wanaotaka vifaranga vya baharini, vinavyonaswa kwa kutandaza vigae, mabomba au magamba ili viluwiluwi, yaani chaza wachanga wanaoelea majini, vijishikize. Kila upande una hoja za kweli. Mimi naona swali la kwanza la kuuliza kuhusu kifaranga chochote ni hili: nani anawajua wazazi wake, na kati ya hao ni wangapi walioacha kizazi? Pande zote mbili hulipita swali hili haraka mno.

Tuanze na maumbile ya mnyama mwenyewe. Chaza wengi huanza maisha wakiwa madume, kisha wengi wao hugeuka majike kadiri wanavyokua. Ukichagua wakubwa na wanene kwenye trei, umechagua majike zaidi bila kukusudia, na madume utayapata kwa shida. Chukua mfano wa majike 50 na madume 2. Kwa macho una wazazi 52. Lakini nusu ya urithi wa kizazi kizima imetoka kwa madume wawili, na ukipiga hesabu ya wataalamu wa jenetiki (mara nne ya majike kwa madume, gawanya kwa jumla yao) unapata wazazi wasiofika 8. Vifaranga hao wakipandana wenyewe kwa wenyewe, watoto wao kwa wastani watakuwa na ukaribu wa damu kama wa mtoto ambaye baba na mama yake ni binamu. Hiyo ni mara moja tu. Rudia vizazi vinne au vitano, bila damu mpya, na hesabu inazidi kubana.

Hata hesabu hiyo ni ya matumaini. Mwaka 2002 watafiti wa Ufaransa walichapisha matokeo ya kurutubisha mayai ya chaza kwa mchanganyiko wa mbegu za madume kadhaa, kisha wakafuatilia kwa vipimo vya jeni ni dume yupi aliyezaa nani. Madume waliochangia mbegu kwa kiwango kimoja hawakupata watoto sawa hata kidogo, na wengine waliambulia wachache sana. Kisha kuna chekeche. Kila baada ya siku chache mfanyakazi wa kituo huchuja viluwiluwi, akabakisha wakubwa na kumwaga wadogo ili tangi lisijae na wote watue pamoja. Ni kazi ya busara kwa upande wa gharama. Lakini wadogo wale mara nyingi ni watoto wa wazazi fulani, na wanapomwagwa, wazazi hao wanafutika kwenye ukoo bila mtu kujua.

Kwa chaza, ndugu kupandana kunaumiza kuliko kwa wanyama wengi. Mwaka 2001 watafiti wa jenetiki Sophie Launey na Dennis Hedgecock walionyesha kwamba chaza wa Pasifiki hubeba mzigo mkubwa wa jeni mbovu zilizojificha, zile zisizodhuru mpaka mtoto arithi nakala mbili, moja kutoka kila upande. Maelezo yanayotolewa ni kwamba kutengeneza mayai mamilioni kunahitaji seli kugawanyika mara nyingi, na kila mgawanyiko ni nafasi ya kosa. Jenomu ya chaza huyu, yaani maandishi yote ya urithi wake, iliyochapishwa mwaka 2012 inatoa picha nyingine ya utofauti alio nao: chaza wa mwituni alikuwa na tofauti nyingi mno kati ya nakala zake mbili kiasi cha kutatiza kazi, hivyo wanasayansi wakatumia chaza aliyetokana na vizazi vinne vya kaka na dada.

Kutokana na hayo linatokea jambo linalonihangaisha kuliko mengine yote katika mjadala huu. Watoto wanaorithi nakala mbili mbovu hufa mapema, wengi wakiwa viluwiluwi au mara tu baada ya kujishikiza. Na katika kituo, vifo vya viluwiluwi ni jambo la kila wiki. Hakuna anayeshtuka tangi likipoteza sehemu kubwa ya wakazi wake. Wanaobaki wanaonekana wazima, na kwa kweli wana afya kuliko hesabu ya undugu ingetabiri, kwa sababu wenye mchanganyiko mbaya wameshaondoka. Meneja anaangalia trei na kuona ukoo wake uko salama. Gharama imelipwa ndani ya tangi, na kwenye daftari imeandikwa kama maji mabaya au bakteria.

Wakati mwingine, kweli, ni maji. Mwaka 2007 na 2008 kituo cha Whiskey Creek huko Oregon, Marekani, kilipoteza viluwiluwi kwa wingi, na baada ya kushuku bakteria ikabainika kwamba maji yenye asidi yaliyopanda kutoka vilindini yalikuwa yakizuia magamba machanga kujengeka. Kisa hicho hutajwa na watetezi wa vituo kama ushahidi kwamba si kila kifo ni cha undugu, na wana haki. Lakini kinaonyesha pia jinsi ilivyo kazi kutofautisha chanzo kimoja na kingine pale ambapo rekodi ya wazazi haipo.

Watetezi hao wana hoja nzito zaidi ya hiyo. Ugonjwa wa MSX, unaoletwa na kimelea, ulipoingia Delaware Bay huko Marekani mwaka 1957, chaza walikufa kwa kiwango kilichoangusha biashara nzima. Harold Haskin na wenzake wa Chuo Kikuu cha Rutgers walianza kuzalisha kutoka kwa walionusurika, na baada ya vizazi kadhaa wakapata koo zinazostahimili. Ufaransa nayo ilivamiwa mwaka 2008 na aina mpya ya virusi vya herpes vya chaza, vikaua vifaranga pwani baada ya pwani. Virusi hivyo vilipoingia Tasmania, kisiwa cha Australia, mwaka 2016, mradi wa kuboresha mbegu wa huko ulikuwa tayari unajaribu familia zake kwenye maji yaliyoambukizwa ya New South Wales. Huwezi kufanya kazi ya namna hiyo kwa vifaranga vya kuokota baharini. Unahitaji familia zinazojulikana, na kuchagua maana yake ni kukubali wazazi wachache.

Tena undugu wenyewe unaweza kuwa zana. Hedgecock alitengeneza koo za karibu sana kidamu, kisha akazivusha moja kwa nyingine, na baadhi ya machotara wakakua kuliko wazazi wa pande zote mbili. Ni njia ileile iliyotupatia mahindi chotara. Tofauti ni kwamba mahindi yanavumilia kujichavusha, ilhali ukoo wa chaza wa ndugu kwa ndugu ni mgumu kuuweka hai. Kwa taasisi yenye maabara na fedha ni njia inayoingia akilini. Kwa kituo kidogo sioni kama inawezekana.

Hoja yao ya tatu ndiyo naiona dhaifu. Wanasema bahari nayo hutumia wazazi wachache. Ni kweli kwamba Hedgecock huyohuyo, mwaka 1994, alieleza uzazi wa chaza kama bahati nasibu: katika msimu mmoja wazazi wachache waliobahatisha maji, chakula na mkondo ndio wanaozaa karibu kundi zima. Lakini baharini washindi hubadilika kila msimu na kila ghuba, na vizazi vya miaka tofauti huishi pamoja na kuchanganyika. Kituo kinachorudia watoto wa washindi walewale hakifanyi kazi ya bahari.

Chaza wa shambani hawabaki shambani kwa urithi wao, kwani mayai hayajui mipaka ya trei. Hapo ndipo wengi huleta jibu la chaza wenye seti tatu za kromosomu (nyuzi zinazobeba jeni) badala ya mbili. Watafiti Ximing Guo na Standish Allen walifanikiwa kupata chaza wenye seti nne, kazi iliyochapishwa mwaka 1994; ukimpandisha huyo na wa kawaida, watoto wote wanakuwa na seti tatu, karibu tasa, wanene hata majira ya joto wakati wenzao wamekonda kwa kuzaa. Wafugaji wengi wa Ufaransa waliwapokea. Wengine wakapinga, wakidai mlaji aandikiwe kama chaza amezaliwa baharini au la. Kwa upande wa kulinda chaza wa mwituni, utasa ni faida ambayo sioni vizuri kuibeza. Ila haumalizi tatizo la undugu, unalihamishia kwa wazazi wa seti nne, ambao wana uwezo wa kuzaa, ni wachache, na wako mikononi mwa wazalishaji wachache.

Na wanaookota baharini? Wao hupenda kusema mbegu yao ni safi. Visiwa vya Polinesia ya Ufaransa vinaonyesha vingine. Kule chaza wa lulu, Pinctada margaritifera, hukuzwa kutokana na vifaranga vilivyonaswa baharini, lakini vilihamishwa kwa wingi kutoka kisiwa hadi kisiwa, na vipimo vya jeni vikaonyesha kwamba makundi yaliyokuwa tofauti yameanza kufanana. Hakuna tangi lililohusika. Utegemezi wa vituo nao una hatari yake: virusi vilipofika Tasmania, Australia Kusini ilizuia vifaranga vya kutoka huko, na wafugaji waliovitegemea wakabaki bila mbegu.

Chaza huyohuyo wa Polinesia ndiye anayefugwa na akina mama wa Fumba, Bweleo na Nyamanzi huko Unguja kwa ajili ya nusu-lulu na mapambo. Vifaranga vyao hutoka baharini, na ukosefu wake ni kikwazo kinachotajwa mara kwa mara. Kituo kikijengwa kwa ajili yao nitakiunga mkono, maana kutegemea bahari peke yake kunawaweka kwenye rehema ya msimu. Lakini chaza hawa watakuwa wa kawaida, wenye uwezo wa kuzaa, wakining'inia kwenye kamba kwa miaka karibu na wenzao wa mwituni. Wazazi wa kwanza watolewe sehemu kadhaa za Unguja bila kuletwa kutoka mbali, madume yahesabiwe sawa na majike, kila jike apandishwe na zaidi ya dume mmoja katika vyombo tofauti kabla ya kuchanganya viluwiluwi, na wazazi wapya waingizwe kila mzunguko. Kipande kidogo cha nyama ya kila mzazi kihifadhiwe kwenye spiriti na kupewa namba. Gharama yake ni chupa na kalamu, na baada ya miaka kumi maabara itaweza kusoma humo ni wazazi wangapi kati ya wale wa mwanzo bado wana kizazi kwenye kamba za Fumba.