Mpiga solo mgeni na okestra ya vijana: faida iko wapi, hasara iko wapi

Okestra ya vijana ikipata fedha kidogo tu, wazo la kumwalika mpiga solo kutoka mbali halichelewi. Jina lake linajaza ukumbi, wafadhili wanakuja wenyewe badala ya kutuma wawakilishi, na vijana wanasikia hatua mbili kutoka walipoketi sauti ambayo wameizoea kwenye simu. Wapo walimu wanaolipinga wazo hilo kabisa. Wanasema nauli ya ndege ingenunua nyuzi za fidla na matete ya klarineti (vipande vyembamba vya mdomoni vinavyotoa sauti) ya muda mrefu, na kwamba watoto waliojiunga ili wapige wanageuzwa waitikiaji wa mtu mmoja. Hoja zote mbili zina uzito. Tatizo ni kwamba ubishi huu karibu kila mara huanzia kwenye jina la mgeni, ilhali mambo yanayoamua ni mengine: kipande kilichochaguliwa, na siku atakazokaa.

Tuchukue kipande kinachopendekezwa mara nyingi, konseto (kipande cha mpiga solo na okestra) ya klarineti ya Mozart, K. 622 katika orodha ya kazi zake, ya mwaka 1791. Inavutia kwa sababu okestra yake ni ndogo: fluti 2, basuni 2, honi 2 na vyombo vya nyuzi. Hakuna obo, tarumbeta wala timpani. Inachukua takriban dakika 28. Kwenye karatasi inaonekana rahisi kwa vijana, na kwa upande wa fidla haitishi sana.

Shida ya kwanza iko kwa honi, ambazo noti ileile ya karatasi hutoa sauti tofauti kulingana na aina ya honi. Sehemu ya kwanza na ya tatu zimeandikwa kwa honi ya A, na Adagio, sehemu ya polepole ya katikati, kwa honi ya D. Mtoto ana honi ya F. Akiona C katika sehemu ya kwanza, inampasa apige E, yaani apandishe kila noti kwa tatu kubwa (nusu-toni nne). Ikifika Adagio anageuza: anashusha kwa tatu ndogo (nusu-toni tatu), na ile C inakuwa A. Mpigaji wa kulipwa hufanya hivyo bila kufikiri. Kijana wa miaka 15 atafanya vizuri Jumanne na kusahau Jumamosi, tena kwenye noti ndefu ambayo kila mtu anaisikia. Dawa ni kuandika upya karatasi za honi kwa F kabla ya zoezi la kwanza, kazi ya jioni moja kwa mwenye programu ya kuandikia noti. Muziki wenyewe hauna tena haki miliki, kwa hiyo hakuna wa kuombwa ruhusa, mradi nakala mnayotumia ni chapa ya zamani na si uhariri mpya wa kampuni fulani.

Shida ya pili ni kubwa zaidi, na ndiyo inayowapa nguvu wapinzani. Chukulia okestra ya vijana 45: nyuzi 25, fluti 2, obo 1, klarineti 5, basuni 1, honi 2, tarumbeta 4, tromboni 3 na wapiga ngoma 2. Okestra za vijana za huku kwetu ndivyo zilivyo, vyombo vya pulizo vingi na basuni moja ya kuazima. Basuni ya pili inaweza kupewa chelo. Lakini watoto 15 hawana kitu cha kupiga kwa karibu nusu saa, na miongoni mwao ni wale watano wa klarineti, ambao mgeni amekuja na chombo chao. Hata wa nyuzi hawapigi wote. Klarineti ikishuka kwenye sauti zake za chini, fidla 15 zinaifunika, hivyo kondakta hupunguza nyuzi kutoka 25 hadi kama 18 mgeni anapopiga, na kuwarudisha wote pale okestra inapobaki peke yake. Ni uamuzi sahihi wa muziki. Kwa mtoto wa meza ya mwisho, aliyekuja kwa matatu mbili kila Jumamosi, ni kuambiwa ashushe upinde.

Kukimbilia konseto kubwa zaidi hakuponyi. Ile ya mtunzi Bruch ya fidla, Op. 26, ina kazi kwa karibu kila mtu, lakini inataka honi 4 na nyuzi zenye misuli. Okestra yenye honi 2 italazimika kuziba mapengo kwa tromboni, na mwisho mgeni ndiye anayeibeba okestra mgongoni. Kwa maoni yetu, mahali pazuri pa kuanzia ni konseto ya Bach ya fidla mbili, BWV 1043. Inadumu kama dakika 15, inataka nyuzi na kinanda tu, na ina wapiga solo wawili walio sawa: mmoja anatamka, wa pili anajibu yaleyale. Mgeni anashika fidla moja, kijana wa okestra anashika ya pili. Pulizo wanapata nafasi yao yote katika kipande kingine, na hakuna anayekaa nusu saa akitazama mgongo wa mwenzake.

Tuje kwenye siku. Okestra ya Taifa ya Vijana ya Marekani, iliyoanzishwa na ukumbi wa Carnegie Hall, ilifanya msimu wake wa kwanza mwaka 2013 na konseto ya fidla ya Tchaikovsky, mpiga solo akiwa Joshua Bell na kondakta Valery Gergiev. Wengi wanatoa mfano huo kuonyesha kuwa vijana wanaweza kusindikiza yeyote. Wanaweza. Lakini wale walikuwa vijana 120 wa miaka 16 hadi 19 waliochujwa nchi nzima, wakapiga kambi kwa takriban majuma mawili, kila kundi la vyombo likiwa na mkufunzi wake kutoka okestra za kulipwa, ndipo wakaanza safari ya kwenda Washington, Moscow, St. Petersburg na London. Mgeni alikuta nyumba imejengwa. Okestra inayokutana mara moja kwa wiki haiwezi kuiga wageni wa namna hiyo bila kuiga kambi.

Inachoweza kufanya ni hiki. Wiki 10 kabla, mgeni atume sauti yake akipiga sehemu ya solo peke yake, hata kwa simu, ili mwendo wake ujulikane. Allegro, sehemu ya kwanza ya K. 622, wengine huipiga kwa mapigo 112 kwa dakika, wengine 126. Tofauti hiyo inatosha kuwamwaga fidla za pili. Fanyeni mazoezi kwa miendo mitatu, si mmoja. Kila zoezi liwe na mtu wa kupiga solo badala ya mgeni, hata kama ni mwalimu kwenye piano. Kosa linaloonekana kila mahali ni kufundisha usindikizaji bila solo: watoto wanazoea kuhesabu, hawazoei kusikiliza.

Ubaya wa hilo huonekana katikati ya Adagio. Okestra inasimama kwenye noti iliyoshikiliwa, mgeni anapiga kifungu kifupi cha hiari yake bila mapigo, kisha wimbo wa kwanza unarudi kwa sauti ya chini kabisa, yeye na nyuzi kwa pamoja. Hapo hakuna cha kuhesabu. Fidla wanaomtazama kondakta peke yake huchelewa kidogo, chelo wanaobahatisha huwahi, na wimbo mwororo kuliko yote unaingia ukiwa umepasuka. Wakufunzi wazuri huwafundisha watoto kutazama mabega ya mpigaji: anavuta pumzi, na upinde tayari uko juu ya uzi. Vijana waliokulia kwenye taarabu wanalielewa jambo hili haraka, maana fidla ya taarabu inaishi kwa kumsubiri mwimbaji amalize mstari ndipo ijibu.

Na hapa ndipo hoja ya wanaounga mkono wageni ina nguvu kwelikweli. Mpiga solo mwenye uzoefu habadilishi kifungu kile ili kuonyesha umahiri. Anakibadilisha kwa sababu ukumbi ni mwingine na pumzi ni nyingine, na okestra inajifunza kwamba noti zilezile si kitu kilichoganda. Hilo halifundishiki kwa metronomu, kifaa cha kuhesabia mapigo.

Mgeni anayetua Ijumaa na kupiga Jumamosi, hata hivyo, haleti hayo. Kuna sababu za kawaida kabisa. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya bahari, na tete lililochongwa kwa hewa ya pwani ya Ulaya huwa gumu au jepesi ghafla, hivyo mpiga klarineti anahitaji siku mbili au tatu za kuchagua upya. Klarineti nzuri zimechongwa kwa mpingo, mti wa Kilwa na Lindi, na mpingo nao hupasuka hewa ikikauka ghafla. Upatanishaji pia hutofautiana: Ujerumani na Austria wengi huweka noti ya A kwenye mitetemo 442 au 443 kwa sekunde, okestra nyingi za vijana 440. Mpigaji atachomoa kiungo cha juu milimita moja au mbili na kushuka, lakini okestra nzima haiwezi kupanda kumfuata kwa urahisi. Tena chini ya taa pulizo hupanda na nyuzi hushuka, kwa hiyo patanisheni upya kabla mgeni hajaingia jukwaani, si mwanzoni mwa tamasha tu.

Wanaosema fedha ile apewe kijana wa ndani apige solo wana hoja ambayo hatuwezi kuipuuza. Mradi wa muziki wa vijana kama Ghetto Classics, ulioanzia mtaa wa Korogocho, Nairobi, mwaka 2008, umeonyesha kuwa vipaji havitoki nje. Kwa okestra ya mwaka wa kwanza au wa pili, tungeanza na mtoto wa okestra yenyewe bila kusita. Mgeni afuate pale wenyeji wanapoweza kupiga kipande chote bila yeye.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na mkataba uandikwe hivyohivyo: angalau siku nne, mazoezi matatu kamili na okestra, saa moja na nusu na kundi la chombo chake pekee, na tarehe ya kutuma ile sauti ya mwendo. Tungeongeza kifungu kimoja ambacho wageni wengi hukikubali kwa furaha wakiombwa mapema. Baada ya mapumziko, badala ya kwenda chumbani, mgeni arudi na kuketi kiti cha klarineti ya pili. Klarineti ya kwanza aishike mtoto.