Kabati la Mama Libaki kwa Nani?

Msiba ukiisha na maturubai yakakunjwa, ndugu hukaa kikao. Huku uchagani, mlimani Kilimanjaro, iwe Kibosho, Machame, Marangu au Rombo, maneno mengi huishia kwenye kihamba (shamba la ukoo lenye migomba na kahawa), nyumba na akaunti ya benki. Vitu vya ndani hupata dakika za mwisho, watu wakiwa wameshachoka: "Hivyo vibaki hapahapa, ni vya familia." Wote huitikia, maana hakuna anayetaka kuonekana ana tamaa na viti vya baba wakati udongo wa kaburi haujakauka. Kauli hiyo husemwa kwa nia njema kabisa. Lakini naamini ndiyo iliyoangamiza samani nyingi nzuri za uchagani.

Anayetaka vibaki ana hoja nzito. Nyingi ya samani hizo zilitokana na fedha za kahawa, enzi ambazo mkulima wa mlimani aliuza kupitia ushirika uliokuwa chini ya KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa Kilimanjaro kilichoanzishwa mwaka 1933. Seremala wa wakati ule alipata mninga, mvule na loliondo, au kamfa na podo kutoka msitu wa mlima wenyewe. Msitu huo leo umo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro, ambayo mipaka yake ilipanuliwa mwaka 2005, na miti yake haivunwi tena. Kwa hiyo ukiuza kabati la kamfa, usitegemee kwenda kuagiza jingine kwa fundi wa Moshi mjini. Utapata la mgrevilea au paini, au lile la dukani lililotengenezwa kwa vumbi la mbao lililogandishwa na gundi, ambalo likishalowa huvimba na halirudi. La zamani limeungwa kwa ndimi na matundu. Fundi hulifungua, hubadilisha mguu uliooza, hulipiga msasa na vanishi, likatumiwa na kizazi kingine.

Na kuna Desemba, Wachagga wanaporudi nyumbani kwa Krismasi. Watoto wanapopanda kutoka Dar es Salaam, Arusha na Mwanza, wanakuta kochi lenye mikono ya mbao na vitambaa alivyofuma mama, na mjukuu anaonyeshwa bibi alikuwa anakaa upande gani. Ukiondoa vitu hivyo, kuta zinabaki, ila nyumba inakuwa ngeni kwa waliozaliwa humo. Hilo si jambo dogo, na fedha za dalali hazilifidii.

Tatizo ni miezi mingine kumi na mmoja. Nyumba nyingi za aina hii hufungwa mapema Januari. Masika ya Machi hadi Mei huzikuta madirisha yamebanwa, ukungu unapanda migongoni mwa makabati, mchwa wanaingia kwa chini. Ukiona unga mwembamba chini ya mguu wa kiti, jua wadudu wameshatoboa ndani. Kiti kinachokaliwa kila siku hufutwa na kugeuzwa, dosari yake ikaonekana mapema. Kilichofungiwa hakina wa kukiangalia.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba kitu kikishaitwa cha wote, hakuna anayethubutu kukitengeneza. Kaka akimleta fundi, ataulizwa nani kampa ruhusa. Dada akihamisha kabati kutoka chumba kinachovuja, zitapigwa simu mpaka Dodoma kwamba ameanza kubeba vitu. Kila mmoja anaacha ili asishutumiwe, na kabati linaoza huku wote wanalipenda.

Wanaotaka viuzwe nao wasikilizwe bila kuitwa wasaliti. Kijana aliyepanga chumba kimoja Sakina au Kijenge hawezi kupitisha kabati la milango minne mlangoni, achilia mbali gharama ya kukodi kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, kwa kilomita zipatazo 80 kutoka Moshi hadi Arusha. Tena madeni ya marehemu hulipwa kabla warithi hawajagawana chochote, na hapo sheria ya nchi na ya Kiislamu zinakubaliana. Meza ikiuzwa ili deni la matibabu ya mama lilipwe, hiyo ni heshima kwa mama.

Kabla ya yote hayo, kuna mtu anayesahaulika: mjane. Mara ngapi ndugu wanajadili "viti vya marehemu" huku mke wake amevikalia? Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamtambua mke kuwa na haki ya kumiliki mali yake mwenyewe. Kabati alilonunua kwa ndizi zake za sokoni si la mirathi, na lile la marehemu nalo halipaswi kuondolewa mbele ya macho yake kana kwamba naye amekufa. Mama akiwa hai, jibu la kwanza analo yeye.

Halafu binti. Husemwa akipewa atalihamishia kwenye ukoo mwingine. Tangazo la sheria za mila la mwaka 1963 lilimweka binti daraja la tatu la warithi, nyuma ya wana wote wa kiume, na fikra hiyo bado inaongoza vikao vingi. Kwenye kihamba naelewa hofu hiyo inatoka wapi: pale pana makaburi, na ardhi haihami. Kabati lina miguu minne na lilitengenezwa lihamishwe. Kama kitindamimba aliyeachiwa nyumba anaishi Mwanza, na dada yake aliyeolewa Arusha ndiye aliyekuwa akilipangusa tangu utotoni, sioni kwa nini lisiende kwa dada.

Msimamo wangu ni huu: kila kitu kiende kwa mtu mmoja mwenye jina, atakayekitumia, na awe na haki ya kukitengeneza, kukipunguza, hata kukiuza akishindwa. Familia za Kiislamu zina utaratibu ambao wengine wetu tungeuiga. Kwa kuwa kabati haligawanyiki, linakadiriwa thamani, anayelichukua anahesabiwa ndani ya fungu lake, na mwenzake anafidiwa kwa kingine. Hakuna anayebaki na kinyongo cha miaka. Kwa mirathi ya mahakama ya mwanzo, msimamizi anatakiwa awasilishe orodha ya mali na madeni kwa Fomu Namba 5 ndani ya miezi 4 tangu ateuliwe. Badala ya kuandika "vyombo vya ndani" kwa mkupuo, kabati liwe na mstari wake na thamani yake. Bora zaidi, mzazi aseme akiwa hai na aliweke kwenye wosia, ambao RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, hupokea na kuutunza.

Najua gharama yake. Viti sita vilivyochongwa pamoja vitaishia nyumba tatu tofauti, na sebule ya Desemba itapwaya. Naikubali gharama hiyo, isipokuwa kwa kigoda cha babu na kata ya mbege (kibuyu cha kunywea pombe ya ndizi) katika koo ambazo bado huvitumia kwenye shughuli zao. Hivyo vina kazi palepale nyumbani, na avishike yule anayeishi humo mwaka mzima, awe mwana au binti.